Kiti cha Yaya Kisishuke

Baiskeli ile ilikuwa nyepesi hata ungeweza kuinyanyua kwa mkono mmoja huku mkono wa pili unakula ndizi. Nasema hivyo kwa sababu nilijaribu. Nilikula ndizi nzima, baiskeli iko hewani, na majirani zetu wa upande wa reli wakasema leo fundi wa kinga amepata wazimu mpya.

Kinga ndiyo baiskeli, kwetu Kindu, na mimi ndimi fundi. Nina kibanda cha mabati karibu na njia ya gari la moshi. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, lakini gurudumu lililopinda nalisikia kwa sikio kabla ya kuliona kwa jicho. Nyuma ya mlango wa kibanda nachora kwa chaki baiskeli ambazo siku moja zitatengenezwa hapa hapa Kindu, zenye taa mbele na jina letu ubavuni. Mvua ikipiga zinafutika, nachora zingine. Sijachoka bado.

Baiskeli nyepesi haikuwa yangu. Ilikuwa ya yaya, dada yangu mkubwa, mwalimu wa darasa la kwanza. Mzungu mmoja wa kazi ya barabara, aliyepanga nyumba jirani, alikuwa akijifunza Kiswahili kwake jioni jioni, na siku ya kuondoka akamwachia baiskeli yake. Alisema asante mara nne, mara ya nne akaisema bila kosa, akaenda zake.

Yaya aliihitaji kuliko mtu yeyote mjini, na haya si maneno ya ndugu tu. Shule aliyopewa iko ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli, na ukishavuka kuna mwendo wa barabara ya udongo na kilima kimoja kibaya. Goti lake la kulia halikunjiki vizuri. Ni kama mlango ambao mtu ameegemeza gunia nyuma yake: unafunguka nusu, halafu basi. Kwa miguu, kilima kile kinamla saa nzima, na jioni goti limevimba kama papai. Kinga ya chuma hawezi kuitia kwenye mtumbwi na kuitoa, wala kuipandisha ukingo. Lakini hii aliinyanyua mwenyewe, akaizungusha, akaniangalia.

"Kadogo," akasema, "hii njo mguu wangu." Njo ni ndiyo ya kwetu, na kadogo ni mimi.

Sharti lilikuwa moja. Ili goti lile lizunguke na pedali bila kukwama, kiti lazima kiwe juu sana, juu kuliko ambavyo mtu wa kimo chake angekaa. Tulipima siku nzima ya Jumamosi, yeye ameshika ukuta, mimi napandisha na kushusha. Kiti kikiwa mahali pake, mguu unazunguka, anacheka. Kikishuka vidole viwili tu, goti linafika kwenye gunia lake, pedali inagoma, na yaya anaanguka upande.

Na kuchelewa hakukuwa na mchezo. Mkuu wa shule alikuwa amewaambia walimu wote: atakayechelewa mara tatu katika muhula, darasa lake linapewa mwingine. Mwingine mwenyewe alikuwepo kweli. Kila Jumatatu alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, akangoja. Hakuwa mtu mbaya. Yaya alimsalimia kila mara, naye alimjibu kwa haya, kama mtu aliyekuja kuulizia nyumba ya mgonjwa mahututi. Yaya alikuwa amengoja darasa miaka mingi. Watoto wake walikuwa wamefika herufi M. Alikuwa hataki mtu mwingine awapeleke kwenye N.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu bila kosa hilo nisingekuwa na la kuandika.

Kwetu, kinga ikiingia nyumbani haigusi barabara kabla haijapakwa mawese. Baba alifanya hivyo, na kila mfanyabiashara wa kinga niliyemjua alifanya hivyo. Mvua ya Maniema, mkoa wetu, inakula chuma, na mafuta ya mawese ndiyo yanayoizuia. Unapaka mnyororo, unapaka kila penye kuungana, hata mahali ambapo hapana haja, kwa sababu ni heshima vilevile: unamkaribisha mgeni. Basi nikaifungua baiskeli ya yaya kipande kwa kipande. Nikachomoa kiti na bomba lake, lile linaloingia ndani ya mwili wa baiskeli na kushikwa na pete yenye bolti. Halikuwa la chuma. Lilikuwa jeusi, laini, jepesi kama tete kavu, na ukilitazama juani unaona ndani yake msuko kama wa ungo. Ni kaboni, neno hilo nilikuwa nimelisikia, kitu chenyewe sijakigusa. Nililipenda hata nikalipaka mawese ya kwanza, yale mekundu mazuri ambayo mama anawawekea wageni. Nikalipaka juu mpaka chini. Nikapaka na ndani ya tundu linamoingia. Niliimba wakati napaka. Nikarudisha kila kitu, nikakaza, nikajiambia: injinia mwenyewe.

Jumatatu yaya akaondoka mapema. Alivuka salama. Mwanzoni mwa kilima akahisi miguu inakuwa mirefu, halafu goti likagonga gunia, akaanguka kwenye nyasi pamoja na madaftari. Akapandisha kiti, akakaza kwa ufunguo mdogo niliompa, akapanda tena. Hatua hamsini, kikashuka tena. Mwishowe akaisukuma. Alifika watoto wameshaimba, wameshaingia, na mkuu amesimama mlangoni na daftari lake.

Hiyo ilikuwa ya kwanza.

"Ni kukaza tu," nilimwambia jioni ile. "Sikukaza vizuri."

Nikachukua ufunguo mrefu, nikauongezea bomba la chuma mwishoni ili nipate nguvu, nikavuta. Bolti ikazunguka, ikazunguka, halafu kitu ndani kikalia: krrr.

Jirani yetu wa upande wa kushoto alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharagwe. Ni mzee aliyestaafu karakana ya reli, mtu wa Kasai aliyeletwa Kindu na gari la moshi akiwa kijana na hakurudi tena. Sote tunamwita papa wa reli, papa kwa maana ya baba. Kunisema ndiyo kazi aliyojipa baada ya kustaafu.

"Injinia!" akaita. "Uko naua nini huko?"

"Ninakaza bolti, papa."

"Hapana. Bolti ikilia namna hiyo, haukazi, unakaba roho ya muntu. Lete nione."

Akaja na maharagwe yake, akainama, akafuta vumbi kwenye ile pete kwa kidole gumba. "Hapa iko maandiko. Tano, halafu N, halafu m. Uliona?"

"Niliona. Nilifikiri njo namba ya kiatu chake."

Papa wa reli akanyanyua kichwa kutoka kwenye pete. "Nilifanya kazi na locomotive miaka yangu yote," akasema, "na sijawahi kuona locomotive inavaa kiatu. Hii ni kipimo cha kukaza. Ukipita hapo, kitu hiki cheusi hakipindi kama chuma kukuonya. Kinapasuka siku moja, mwalimu yuko juu. Legeza."

Nililegeza mara moja. Tukalichomoa bomba, tukaliangalia juani sentimita kwa sentimita. Halikuwa na ufa. Ile krrr ilikuwa pete yenyewe. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

"Na kwa nini kinashuka?" nikamwuliza.

"Mimi najua? Kinga ni yako. Tafuta kwa nini kwanza, ndiyo ukaze. Wewe unakaza kwanza, ndiyo utafute kwa nini." Akarudi kwa maharagwe yake.

Sikutafuta. Nilifanya wanachofanya mafundi wote wa mjini kiti kikilegea: nikakata bati la kopo la sardini, nikalizungusha kwenye bomba, nikalisukuma ndani. Nikajaribu kuweka bomba la chuma la kinga za kawaida. Lilikuwa jembamba likacheza ndani, na fupi, halikufika kimo cha yaya. Nikarudia kaboni na bati. Kwenye ua kiti kilisimama imara. Nilikikalia, nikaruka ruka, mama akapiga makofi.

Jumanne kilishika, lakini Jumatano kikashuka chote kwa mara moja, katikati ya kilima, na bati likatoka juu kama ulimi. Yaya alifika ameshika goti.

Hiyo ikawa ya pili.

Nakumbuka jioni yake vizuri. Yaya alikuwa amekaa jikoni, mguu ndani ya beseni la maji ya moto, anasahihisha madaftari ya herufi M. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepumua. Alinyanyua tu kichwa.

"Kadogo, njoo. Niambie yote. Ulifanya nini na bomba lile kabla ya Jumatatu?"

"Sikufanya kitu kibaya, yaya. Nililisafisha, nikalipaka mawese, nika..."

"Ulilipaka nini?"

"Mawese. Yale ya wageni."

Akaweka kalamu chini. Nikaona mabega yanatikisika, nikafikiri analia, nikakaribia kulia na mimi. Kumbe anacheka. Alicheka hata maji ya beseni yakamwagika.

"Mawese! Kwenye mti wa kiti! Na wewe ni mutoto wa baba yule!"

Sikuelewa. Akanikumbusha, na kadiri alivyosema, nikaanza kuona mambo ambayo nilikuwa nayo kichwani siku zote, ila vipande vipande, na yote upande wa furaha.

Wakati wa vita gari la moshi liliacha kuja. Chumvi ikawa kitu cha kulambwa kwa ncha ya kidole. Baba, kama wanaume wengi wa Kindu, akatoa kiti kwenye kinga yake ya chuma na kuanza kusukuma mizigo: bidoni, yaani madumu, za mawese kwenda upande wa Punia, chumvi na sabuni kurudi. Kinga ya mzigo haipandwi. Kiti kinatolewa pamoja na bomba lake, na kwenye tundu linaingizwa fimbo ndefu inayofika begani, ya mti mgumu. Fimbo ya pili inafungwa kwenye usukani. Unatembea kando: mkono mmoja unaongoza usukani, mkono mwingine unashika ile fimbo ya kwenye tundu, na hiyo ndiyo inayobeba yote. Kwayo unasukuma mlimani, kwayo unazuia mteremkoni. Ikichomoka, mzigo wote ni wa Mungu.

Safari moja hofu ilikuwa kubwa mjini, baba akatuchukua sote. Mama alitembea mbele na kitanda cha mkeka kichwani. Mimi nilikuwa sijaanza shule. Niliwekwa juu ya bidoni, nimefungwa kwa kitenge, na kwangu ilikuwa sikukuu. Yaya alikuwa na miaka kumi na moja. Yeye alisukuma nyuma.

Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, baba alikuwa na namna yake. Alichomoa fimbo, akaipangusa kwa kitambaa kikavu, akafuta na ndani ya tundu. Halafu akachovya ncha ya fimbo kwenye mchanga laini wa kijito, akautikisa uliozidi, akairudisha na kuigonga kwa jiwe mara tatu. Mama alimcheka kwamba anaikaanga fimbo kama samaki wa unga. Baba naye alikataza jambo moja tu: mtu mwenye mikono ya mawese asiiguse.

Siku ya nne bidoni moja ilikuwa imepata tundu dogo, na hakuna aliyejua. Mafuta yakatiririka taratibu juu ya chuma, yakaingia mahali fimbo inapoingia. Kwenye mteremko mrefu wa kwenda kijitoni baba akavuta fimbo kuzuia, na fimbo ikatoka tunduni safi kama kijiko kutoka kwenye mboga. Kitenge kilifunguka, mimi nikarushwa nyasini, nikacheka. Hilo ndilo nililokumbuka miaka yote, kuruka na kucheka. Sikukumbuka kwamba yaya, badala ya kukimbia, alikimbilia kinga kwa sababu mimi nilikuwa juu yake. Ilimwangukia gotini na bidoni zote.

Mzee mmoja wa kijiji kile alimfunga mguu kwa vipande vya mianzi. Tulikaa huko miezi. Mguu ulipona, goti halikurudi.

"Hukuniambia kamwe kwamba ulikuja kunishika," nilisema.

"Ningekuambia nini? Ulikuwa mzito, mutoto mdogo lakini mzito." Akatoa mguu kwenye beseni. "Usinililie hapa, maji yameshamwagika ya kutosha. Kesho na keshokutwa shule imefungwa, nina Jumatatu moja tu. Unataka kulia ao unataka kutengeneza?"

"Kutengeneza."

"Basi tengeneza."

Kuanzia Alhamisi asubuhi nilifunga kibanda. Wateja walipita, wakanitukana kwa upendo, nikawaambia warudi wiki ijayo.

Kwanza mafuta yatoke. Nililiosha bomba kwa sabuni na maji moto mara tatu. Ukilishika bado lilikuwa na utelezi mdogo. Mawese hayatoki kwa kubembelezwa. Nikaenda kwa papa wa reli na kumwomba lotoko, pombe kali ya mahindi ambayo anaiweka kwa ajili ya mgongo wake.

"Ya kunywa?"

"Ya kuoshea bomba, papa."

Alishika chupa kifuani. "Pombe hii mke wa rafiki yangu aliipika siku mbili. Imelia tone kwa tone. Na wewe unataka kuioshea kiti!"

"Ni kiti cha mwalimu."

"Mwalimu." Akapumua. "Chukua. Lakini usimwage mbele yangu."

Nilipangusa bomba kwa kitambaa kilicholowa lotoko, nikafunga kitambaa kingine kwenye kijiti na kusugua ndani ya tundu mpaka kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Papa wa reli alivuta harufu kutoka kizingitini kwake na kuguna kila nilipobadilisha kitambaa.

Halafu mchanga, kama baba. Nilishuka mtoni, nikaleta. Lakini kaboni si fimbo ya msituni. Nilijaribu kwanza kwenye ncha ya chini kabisa ya bomba, ile isiyoonekana wala kubeba kitu: mchanga ulikwaruza mistari mirefu. Nikaukataa. Nikachukua tope kavu la ukingoni, lile linalobaki maji yakishuka, nikalisaga, nikalichuja kwa kitambaa cha kichwa cha mama kilichokunjwa mara mbili. Nilipata vumbi dogo la kujaza kifuniko cha soda, laini kama poda ya mtoto, lakini ukilisugua kati ya vidole linauma kidogo. Nikalijaribu kwenye ncha ile ile. Halikuchora mistari, lilififiza mng'ao tu. Nikalichanganya na dawa ya meno nyeupe ili lishike, maana dawa ya meno haina mafuta na ikikauka inaganda. Mama aliuliza kama kiti cha yaya kitaanza kunuka mdomo mzuri. Nikapaka tabaka jembamba pale tu pete inapobana na chini yake kidogo, nikaingiza bomba mpaka kimo cha yaya tulichokipima, nikapangusa lililozidi.

Ikabaki kukaza, na hapa nilirudi kwa papa wa reli mikono mitupu, kwa sababu chupa ilikuwa imeisha.

"Tano ya newton kwa metre," akasema, sasa anazungumza kama yuko karakana na mimi ni mwanafunzi wake. "Njo kama nusu kilo inaning'inia kwenye ncha ya fimbo ya metre moja. Kasoro kidogo, lakini wewe si wa kuhesabu kasoro. Huna fimbo ya metre moja. Una nini?"

"Ufunguo wa sentimita ishirini."

"Basi hesabu."

Nilihesabu kwa chaki nyuma ya mlango, katikati ya baiskeli zangu za ndoto. Nikapata kilo kumi. Yaya alipita na ndoo, akatazama, akafuta kwa kiganja.

"Fimbo imefupika mara tano, uzito unazidi mara tano. Nusu kilo mara tano?"

"Mbili na nusu."

"Ungekaba roho ya muntu tena," akasema papa wa reli kwa furaha.

Tukajaza bidoni ndogo maji, lita mbili na nusu kasoro uzito wa bidoni yenyewe. Nikaisimamisha baiskeli wima ukutani ili bolti itazame pembeni na ufunguo ukae sawa na ardhi. Nikaning'iniza bidoni kwenye ncha. Ufunguo ukashuka polepole, nikautoa, nikaurudisha juu, nikaning'iniza tena. Mara ya tatu bidoni ikashuka kidogo, ikasimama. Ikabembea pale, haishuki.

"Acha," akasema papa wa reli. "Hapo hapo. Usiongeze hata pumzi."

Mkono wangu ulitaka kuongeza. Fundi yeyote anajua mkono huo, unaosema kidogo tu, kwa usalama. Nikauweka mfukoni.

Nilifunga uzi mwekundu kwenye bomba, sawasawa juu ya pete, ili nione hata ukishuka unene wa ukucha. Tukaiacha ikauke Ijumaa yote. Jumamosi nilipanda mwenyewe, mimi ambaye ni mzito kuliko yaya, nikapita juu ya mataruma ya reli kutoka kibanda changu mpaka penye mabehewa ya kutu, na kurudi. Mataruma yalinipiga mpaka meno. Papa wa reli alisimama kizingitini akihesabu kwa sauti kama mwamuzi wa mpira. Nilishuka, nikainama. Uzi ulikuwa juu ya pete.

"Tena," akasema yaya.

Nilienda tena. Mara nne.

Jumatatu mvua ilikuwa imenyesha na kukata. Nilimsindikiza. Ndani ya mtumbwi yaya alikaa na baiskeli magotini kama mtu anayebeba mtoto wa jirani, mimi nikakaa nyuma nimeshika ufunguo na bidoni, na mwenye mtumbwi akaniuliza kama kule Alunguli hakuna maji. Upande wa pili yaya aliinyanyua mwenyewe, akaipandisha ukingo, akapanda. Mimi nikakimbia nyuma.

Penye kilima nilikuwa nimeachwa hatua thelathini. Udongo ulikuwa mwekundu, unateleza. Nilimwona anasimama kidogo kwenye pedali, anakaa tena, na kila alipokaa moyo wangu ulishuka badala ya kiti.

"Yaya! Kimeshuka?"

"Nyamaza, ninapanda!"

"Goti?"

"Nyamaza!"

Kilio cha chuma kikasikika juu: walikuwa wanagonga ile rimu ya gari inayotumika kama kengele. Goti la kulia likapanda, likapita, likashuka. Likapanda, likapita. Sikuona kitu kingine chochote duniani. Mtu wa kinga ya mzigo angepita kando yangu nisingemjua.

Alifika watoto wanajipanga mstari. Mkuu wa shule alikuwa mlangoni na daftari limefunguliwa, na yule mwalimu mwingine amekaa kwenye benchi lake, shati limepigwa pasi. Mkuu alimtazama yaya, akatazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena. Halafu akafunga daftari.

"Mwalimu, leo umekuja na mbio."

"Nimekuja na kiti, mkuu," yaya akasema, akaegemeza baiskeli ukutani na kuingia darasani bila kupumzika.

Yule mwalimu wa benchi alisimama. Nilifikiri ataondoka kwa huzuni, lakini alikuja pale nilipoanguka nyasini kwa uchovu, kando ya baiskeli, akainama na kutazama ule uzi mwekundu.

"Ndugu, ulifanya nini?" akauliza kwa sauti ya chini. "Kinga yangu mimi, kiti inashuka pia. Njo maana nakuja kwa miguu."

"Ulipaka mawese?"

"Bila shaka nilipaka."

Nikamwambia alete Alhamisi. Nikamwambia pia aje na lotoko yake mwenyewe. Akaniaga, akashuka kilima.

Niliukagua uzi kwa kucha. Ulikuwa umegusa pete, yaani kiti kimeshuka kidogo sana, lakini haukuingia chini yake. Kutoka dirishani nilisikia watoto wanaimba herufi N, wengine wanaitoa puani. Ningeweza kurudi mtoni, wateja wa siku tano walikuwa wananingoja. Lakini kupanda ni nusu tu ya kilima, na upande wa kushuka ndiko kiti kinakopigwa zaidi na mashimo. Nikaweka bidoni kando, nikakaa kivulini pa ukuta, nikangoja yaya atoke saa sita.